Mstari wa Upande wa Kushoto

Mihogo aliichemsha kwa zaburi mbili. Maharage makavu yalihitaji masifu ya jioni yote pamoja na wimbo wa Bikira Maria, na kama yalikaa ghalani tangu msimu uliopita aliongeza litania ya watakatifu, huku amekaa kwenye kigoda akichochea kuni. Saa ya mkononi alikuwa nayo, zawadi ya parokia, lakini aliiweka sandukuni ndani ya kitambaa, nayo ilikuwa imesimama zamani. Kutoka misheni kwetu mlimani hadi sokoni Mlali, mtu akiwa na tenga la kabichi, alisema ni mwendo wa masifu ya asubuhi bila kuharakisha. Nilipomuuliza kurudi ni zaburi ngapi, alinitazama kwa huruma. Akasema hajawahi kuona mtu anayepanda ule mlima huku anaimba, kwa hiyo safari hiyo haijapimwa.

Parokia nzima ilimwita Mwimbishaji, na mbele yake tulimwita Mwalimu. Jina lake limeandikwa katika daftari la ubatizo na sina haja ya kulitoa humo.

Mimi nilifika pale nikiwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi na katekista. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma seminari miaka michache, mpaka nilipoambiwa kwa upole kwamba wito wangu uko kwingine. Namshukuru Mungu kwa upole ule, na kwa yote niliyopewa baadaye. Kilatini kidogo nilichotoka nacho nilidhani hakitanifaa kitu tena. Nilipoingia kanisani mara ya kwanza, siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, nikamkuta mzee mwembamba amesimama peke yake mbele ya kitabu kikubwa anaimba Kilatini safi kuliko cha walimu wangu. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nilikuwa karibu kumkumbusha, akaimba mstari mwingine. Lakini hakuimba mstari uliofuata. Alikuwa ameruka mmoja katikati. Akanyamaza tena, kwa muda uleule, kichwa amekiinamisha kuelekea kushoto kama mtu anayesikiliza jirani. Kisha akaimba tena.

Upande wa kushoto palikuwa na benchi tupu.

Nieleze kidogo, kwa sababu vijana wa leo hawakuukuta utaratibu huo. Zaburi katika masifu huimbwa kwa pande mbili. Upande wa kulia unaimba mstari, upande wa kushoto unajibu mstari unaofuata, na hivyo wanapokezana mpaka mwisho. Hapo katikati hakuna mtu anayemwingilia mwenzake. Mwimbishaji alikuwa upande wa kulia. Wenzake wa kulia waliisha mmoja mmoja kwa uzee na kwa kuhamia mjini, lugha ya ibada ikawa Kiswahili, kwaya ikanunua kinanda cha umeme na spika mbili. Yeye aliomba ruhusa ya kuimba kitabu alasiri, wakati kanisa halina mtu, na kila paroko aliyekuja alimruhusu. Aliimba mistari ya upande wake tu. Mistari ya kushoto aliiachia nafasi, wala hakuipunguza hata pumzi moja.

Kitabu chenyewe kililetwa na padre mgeni wa zamani ambaye sikumkuta. Kilikuwa cha monasteri ya kwao iliyofungwa, watawa wakatawanyika. Kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, miaka mingi kabla ya mtambo wa kuchapa, na herufi zake zilikuwa kubwa ili kwaya nzima isome kitabu kimoja kwa pamoja, wamesimama kulia na kushoto mbele ya stendi. Stendi yetu ilikuwa ya mninga. Herufi ya kwanza ya kila zaburi ilipakwa dhahabu, na ndani ya herufi ameketi mfalme na kinubi, au mtu aliyezama majini mpaka kifuani ananyoosha mikono juu. Pembeni mwa maandishi mchoraji alijaza viumbe vya ajabu: sungura anapuliza baragumu, konokono anapigana na askari, samaki mwenye uso wa mtu anayelia. Jua la saa tisa lilipopenya dirisha la magharibi, dhahabu ile iliwaka ghafla kama mtu aliyefumbua macho. Sijawahi kuizoea.

Na ngozi ile ilikuwa hai, kwa namna ambayo naweza kuieleza na bado siipendi. Ukungu wa Uluguru unaposhuka, ngozi huvuta unyevu na kuvimba. Kurasa zilijikunja na kulia taratibu, na vifungo vya shaba vilivyobana majalada vikafyatuka vyenyewe kwa mshindo. Watu wa vijiji vya chini, wengi wao Waislamu, walijua jambo hilo kuliko waumini wetu. Mwezi wa kutegemea mvua walimtuma mtu kumuuliza Mwimbishaji kama kitabu kimefunguka, ili wajue kama wapande. Naye aliwajibu kwa uaminifu mkubwa. Lakini mkristo akimuuliza swali hilohilo, alimkaripia kwamba neno la Mungu si kipimo cha mvua.

Alikuwa na mambo mengi ya aina hiyo, yasiyokubaliana. Alikichukia kinanda cha vijana, na kilipoharibika ni yeye aliyekaa siku mbili na bisibisi mpaka kikalia. Kanisani hakuruhusu mtu akohoe, lakini harusini alicheza mpaka wanawake wakamwaga vigelegele na mkewe, wakati huo yu hai, akawa anajifunika uso kwa kanga. Kilatini hakukijua hata neno moja. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Alisahihisha irabu yangu moja iliyolegea, lakini mstari una maana gani hakujua na hakutaka kujua. Nilijitolea mara nyingi kumfasiria.

"Katekista," aliniambia, "barua si yangu. Mimi tarishi tu."

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi wa ngoma wa kijiji cha chini, mtu wa swala tano, aliyejua ngozi kama daktari anavyojua mwili. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda kuja misheni, akaketi kwenye ngazi za mlango wa kanisa, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kusikiliza. Ni yeye aliyeunga ukurasa uliochanika kwa gundi ya ngozi ya mbuzi, na akatuonya tusiue nyoka wa darini mwa sakristia, maana panya hupenda ngozi kuliko mahindi. Watani wale hawakusalimiana bila kuchokozana.

"Mwalimu, huyo ndama wako angekuwa kwangu, saa hizi anachezesha harusi Ngerengere."

"Kwako angepigwa. Kwangu anaimba kwa hiari yake."

"Anaimba nini? Analia huyo. Hebu msikilize tumbo."

Ijumaa moja mimi na Mwimbishaji tulikuwa peke yetu ndani, fundi yupo ngazini. Nilikaa benchi la nyuma nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Katikati ya zaburi nikamwona fundi anasimama, anavaa viatu, anaondoka bila kuaga. Hakurudi Ijumaa iliyofuata wala nyingine. Nilipokutana naye njiani nikamuuliza kama tumemkosea. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akasema hatujamkosea, ila yeye ni mgeni, na siku ile tulikuwa wengi mno humo ndani, hakuona mahali pa kukaa. Baada ya mwezi alirudi kwenye ngazi zake, na hakuligusia tena. Nami sikumwambia Mwimbishaji.

Nilichukua muda mrefu kumuuliza Mwimbishaji yale makimya ni ya nini. Nilipouliza hakuona ajabu. Alisema upande wa kushoto unajibu, na kwamba yeye anausikia. Nikamwambia mimi sisikii kitu.

"Kuna kimya kitupu," alisema, "na kuna kimya chenye watu. Wewe umelelewa mjini, hukufundishwa kutofautisha."

Kisha akanieleza habari yenyewe, mara moja tu, tukiwa shambani kwake tunapalilia kabichi, bila kuacha jembe. Nitaisimulia kwa ufupi kama alivyoisimulia.

Kiongozi wa upande wa kushoto alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mtu wako. Shamba ni la upande wake, ukoo ni wa upande wake, na neno lake hukatizi. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuimba, na alipokua akamweka awe kiongozi wa upande wa kulia, mbele yake, ana kwa ana.

Sasa katika zaburi ya Ijumaa, ambayo ni ya majonzi kuliko zote, mwandishi wa kitabu alikosea. Aliruka mstari. Alipogundua, wino ulikuwa umekauka, basi akauandika chini kabisa ya ukurasa, pembeni kushoto, akauzungushia kisanduku, na mchoraji akachora kamba imekifunga kile kisanduku, na juu yake mtu mdogo mwenye kofia nyekundu anaivuta ile kamba kwa nguvu zake zote ili aupandishe mstari mahali pake. Kwaya nzima ilimwita Mtu wa Kamba. Kwa zamu za kuimba, mstari ule ulikuwa wa kushoto. Waliosimama kushoto waliuona vizuri. Waliosimama kulia hawakuuona, kwa sababu kurasa zimevimba katikati kama mgongo na zinaficha pembe ile. Kulia ilibidi wakumbuke tu kwamba hapo kushoto wana mstari mmoja usioonekana, na wasubiri.

Ijumaa hiyo mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Upande wa kushoto ulitakiwa kupanda mlimani baada ya sala, kwenda kuimba mazishi katika kigango cha juu. Mwimbishaji alikuwa kijana, ana haraka, ana mambo yake Mlali. Walipofika kwa Mtu wa Kamba hakusubiri. Mjomba alikuwa amekwisha kuvuta pumzi, kinywa kipo wazi, na yeye akaingia na mstari wa mbele. Kulia wakamfuata. Kushoto wakanyamaza. Wakamaliza zaburi hivyo, mstari wa kushoto umebaki bila kuimbwa.

Nje, watu walisubiri kuona mjomba atafanya nini. Hakugomba. Alimshika mpwa wake sikio, kwa utani, mbele ya wote.

"Umekula mstari wetu wewe. Tukirudi utaturudishia."

Wakapanda. Kabla ya jioni mlima uliteremka juu ya njia, udongo na migomba na mawe, na hawakupatikana wote. Mjomba hakupatikana.

Alipofika hapo Mwimbishaji aliinama, akang'oa gugu, akakung'uta udongo wake, akaendelea kupalilia.

Nilielewa basi kile nilichokuwa nimekiona Ijumaa zote bila kukielewa. Zaburi nyingine aliziimba mpaka mwisho, anaimba, anasubiri, anaimba. Zaburi ya Ijumaa hakuimaliza kamwe. Alifika kwenye mstari unaomtangulia Mtu wa Kamba, akaimba, akanyamaza, akainamisha kichwa kushoto. Alisubiri. Wakati mwingine jua liliondoka dirishani yeye bado amesimama. Kisha alifunga kitabu na kwenda nyumbani. Kumbe hapo hawakumjibu. Zaburi zote walimjibu, aliniambia, ila hapo kilikuwa kimya kitupu. Mstari ule aliwanyang'anya na hawajakubali kurudishiwa, na mpaka waukubali yeye hawezi kupita mbele. Alikuwa ameipita nafasi yao mara moja, na mara ya pili hataipita.

Alichotaka katika maisha yake yaliyobaki ni hicho tu. Waimbe mstari wao, naye aimbe unaofuata, zaburi iishe.

Alikuwa na desturi ya kunyoosha mkono juu ya mgongo wa kurasa na kumwekea Mtu wa Kamba kidole gumba, polepole, wakati wa kusubiri. Wengine akiwaona wanagusa picha aliwapiga mkono. Lakini uso wa mtu yule mdogo ulikuwa umefutika kabisa, umebaki weupe laini wa ngozi chini ya kofia nyekundu, na ni gumba lake mwenyewe lililoufuta. Nilipokitazama kitabu peke yangu niliepuka kumwangalia. Mtu asiye na uso anayevuta kamba, huwezi kujua anatazama wapi.

Mimi ni mtu niliyefundishwa dini, na jambo hili lilinisumbua. Najua Kanisa linafundisha kwamba waliotutangulia wanasali pamoja nasi. Najua pia kwamba ni marufuku kuwaita. Nilishuka Morogoro mjini kwa padre mzee aliyekuwa akinisikiliza maungamo, nikamweleza bila kutaja mtu. Aliniuliza:

"Huyo mtu anawaita, au anawasubiri?"

Nikasema anawasubiri.

"Kusubiri si dhambi," alisema, akanipa sala za toba kwa mambo yangu mengine.

Lakini kitu kimoja sikumwambia hata padre. Mimi nilijua mstari wa Mtu wa Kamba unasema nini. Ni pale mtunzi wa zaburi anapojihesabu pamoja na wafu waliolala kaburini, wale ambao Mungu hawakumbuki tena. Huo ndio mstari alioupokonya mdomoni mwa mjomba wake mchana ule. Nilimshukuru Mungu kwamba mzee wangu alikuwa tarishi na hakusoma barua.

Miaka ilikwenda. Fundi wa ngoma alifariki, na Mwimbishaji alikaa kwenye ngazi za msikiti wa kijiji wakati wa kumswalia, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sauti yake ilipungua lakini haikupinda. Alianza kutembea na fimbo. Ijumaa hakukosa.

Kisha tukaletewa paroko kijana, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Dakawa, mchapakazi na msomi. Nasema hivi kwa sababu sitaki alaumiwe. Alikikuta kitabu kina ukungu wa kijani kwenye kurasa za mwisho na mchwa wamefika mguu wa stendi. Aliandika barua, akapiga simu, akapata mahali mjini penye chumba kikavu ambako kitatunzwa na kutengenezwa. Akaitisha halmashauri ya parokia. Mimi nilikuwa katibu.

Mwimbishaji aliitwa pia. Alisikiliza yote akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Paroko alipomwomba aseme lolote, aliuliza kama huko kitakuwa kimelala au kimesimama. Paroko akajibu kwamba kitalala ndani ya sanduku maalumu. Mzee akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayesikia habari ya mgonjwa. Akaomba kitu kimoja, kiachwe Ijumaa moja zaidi. Kila mtu akakubali, na paroko akamshika mkono akamwambia, "Hata mbili, babu."

Tukapiga kura. Nilinyoosha mkono kukiruhusu kiende, na nilitia sahihi. Kitabu kilikuwa kinaoza. Niliamini hivyo na bado naamini.

Gari lilikuja Alhamisi. Dereva alisema mvua kubwa imetangazwa, na barabara yetu ikilowa hatoki tena wiki mbili. Paroko alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana. Funguo za sakristia zilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kumwambia dereva arudi mtupu. Nilitazama mawingu juu ya mlima, nikafikiria ule unyevu, nikafungua. Tulikibeba watu wawili. Tulipokilaza ndani ya gari vifungo vilifyatuka vyote viwili kwa pamoja, na yule dereva, mtu mzima mwenye ndevu, akaacha mkono wake hewani. Nilivibana tena kwa goti.

Ijumaa saa tisa Mwimbishaji alikuja. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kumsubiri ili nimwambie mwenyewe. Aliiona stendi tupu kabla sijasimama. Hakuniuliza. Alikwenda mahali pake kulia, akasimama muda wa zaburi nzima bila kuimba, kisha akatoka. Aliponipita nilimwamkia, naye akaitikia marahaba kama siku zote. Hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Hakurudi tena kanisani alasiri. Jumapili alikuja misa, akakaa nyuma karibu na spika. Masika ile aliugua, akapona kidogo, akaugua tena. Mimi nilikuwa nimestaafu. Nilikwenda kumwona mara kwa mara, tukaongea habari za kabichi na bei za Mlali, na kitabu hakikutajwa.

Nakuja sasa kwenye siku ninayoitaka. Ilikuwa Ijumaa, mvua imekatika mchana, ukungu umefunika hata mgomba uliokuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa akimuuguza, alinikaribisha akarudi jikoni kutwanga. Mzee alikuwa ameketishwa kitandani, mgongo umeegemezwa gunia la maharage. Alikuwa amebaki macho na mikono. Nikamwamkia. Akaniambia nisikae kwenye kiti, nikakae upande wa pili wa chumba, ukutani, kwenye kigoda.

Nilipokaa ndipo nikaona nimekaa kushoto kwake.

Akaanza. Ilikuwa zaburi ya Ijumaa, bila kitabu, kwa sauti iliyobaki kama uzi. Aliimba mstari, akanyamaza muda wake, akaimba wa tatu. Nilikuwa nayafuata maneno moyoni. Katika makimya nilisikia mchi wa jikoni, na matone yanayodondoka kutoka kwenye majani ya migomba, basi. Hakukosea neno. Nami nilihesabu mistari iliyobaki kabla ya Mtu wa Kamba, sita, minne, miwili, kama mtu anayehesabu hatua za kufika ukingoni.

Akaimba mstari wa mwisho wa kabla. Akanyamaza. Kichwa kikainama kuelekea kwangu, macho yamefumba.

Mchi ulikuwa umeacha kutwanga. Sijui uliacha lini. Matone pia niliacha kuyasikia. Kimya kilikuwa kinene, kimeujaza ule ukungu hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilihisi nywele za shingo zinasimama, kama unapoingia chumba chenye giza ukajua hukuingia peke yako. Nilimtazama mzee. Kifua chake hakikupanda. Alikuwa ameishikilia pumzi kwa ajili ya mstari unaofuata, na pumzi zenyewe hakuwa nazo nyingi. Nikajua hatafunga kitabu leo, kwa sababu kitabu nilikitoa mimi. Atasubiri hivyo mpaka mwisho, na mwisho hauko mbali.

Kumdanganya mtu anayekufa ni dhambi. Niliijua dhambi hiyo kwa jina lake. Lakini mstari niliujua pia, na nilikuwa nimekaa kushoto.

Nikafungua kinywa nikauimba. Sauti yangu haikuwahi kuwa nzuri. Niliimba maneno ya wafu wasiokumbukwa mbele ya mtu aliyewakumbuka kila Ijumaa ya maisha yake, na nilipofika katikati, mahali pa kuvuta pumzi, nikaona midomo yake inatetemeka. Nikamaliza.

Akaingia papo hapo na mstari unaofuata, ule ambao sikuwahi kumsikia akiuimba. Sauti ilikuwa imepata mwili. Akanyamaza, akasubiri, akaimba. Mimi sikuthubutu tena. Niliuacha ukimya ukae mahali pake, naye akapita ndani yake mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka neno la mwisho la zaburi ile, ambalo katika Biblia ya Kiswahili ni giza. Aliinama kwa Atukuzwe Baba. Mikono yake ikalegea juu ya blanketi. Jikoni mchi ukaanza tena.

Alikaa muda mrefu amefumba macho, uso umetulia kama wa mtu aliyekula akashiba. Nilidhani amelala. Nilikuwa nainuka taratibu ili nimwachie nafasi ya kupumzika, aliposema, bila kufumbua macho:

"Mmeimba vizuri. Ila wewe, Katekista, umeingia nyuma yao kidogo. Mjomba hapendi."

Nilisimama pale na mkono wangu umeshika ukuta. Kisha nikamwambia aniombee radhi kwake.